Pikapu ya kwanza ya 4x4: injini ipi, gia zipi, difu ipi?

Mtafuta Njia

Wakuu, salaam. Miaka yote nimeendesha gari dogo la kawaida, sasa nataka pikapu ya 4x4, yangu ya kwanza. Kazi yake ni kubeba mzigo wa kilo mia tano hadi mia nane, siku nyingi barabara ya vumbi, mvua ikinyesha ni tope na vilima vya mawe, na safari ndefu ya lami mara chache. Nitanunua iliyotumika.

Kila tangazo ninalosoma linasifia ukubwa wa injini na nguvu za farasi. Nami naanza kuchanganyikiwa. Dizeli au petroli? Gia za mkono au otomatiki? Na haya mambo ya 2H, 4H, 4L, habu na difu loki, nielekezeni kama mtu asiyejua kitu kabisa. Karibuni.

Mzee wa Tope

Karibu kijana. Injini iweke kando kwanza, tutairudia. Anzia chini kwenye magurudumu, panda kwenye difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), kisha transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa mbele na nyuma), kisha giaboksi, ndipo ufike kwa injini. Nasema hivi kwa sababu pikapu ikizama kwenye tope ni nadra mno kukuta injini ndiyo iliyoishiwa nguvu. Nguvu ipo, ila imekimbilia kwenye tairi linaloteleza.

Difu ya kawaida imewekwa ili unapokata kona gurudumu la nje lizunguke kwa kasi kuliko la ndani. Kwa namna ilivyoundwa, inagawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kulia na kushoto. Sasa tairi moja likiwa hewani, au kwenye tope laini, linazunguka kwa nguvu kidogo sana, na mwenzake aliyesimama kwenye ardhi ngumu anapewa hicho hicho kidogo. Ndiyo maana unaikuta 4x4 imesimama njiani, tairi moja la mbele na moja la nyuma yanazunguka na kurusha tope, mengine mawili yametulia tuli. Bandika injini ya V8 hapo, hakuna kitakachobadilika.

Difu loki inafunga shafti mbili za ekseli zizunguke kama moja. Tairi lenye mshiko linapata chote linachoweza kukitumia, hata kama mwenzake ananing'inia hewani. Pikapu yenye injini ya wastani na difu loki ya nyuma itapita mahali ambapo yenye injini kubwa isiyo na loki itaomba kamba. Zipo pia zenye mfumo wa kompyuta unaoshika breki ya tairi linaloteleza ili nguvu ihamie upande wa pili. Unasaidia sana, lakini unahitaji tairi lianze kuteleza kwanza, na kwenye kilima cha mawe huko kuteleza ndiko kunakokurudisha nyuma.

Kuhusu swichi, mfumo ulio kwenye pikapu nyingi za kazi uko hivi. 2H ni magurudumu ya nyuma peke yake. 4H transfa inaunganisha propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi moja. 4L ni hivyo hivyo, ila kwa gia nzito, na kwa pikapu nyingi inapunguza mwendo mara 2.5 hadi 2.7. Jeep Gladiator ile ya Rubicon inafika mara 4, lakini hiyo ni ya watu wa kupanda majabali.

Shika hili, kijana: kwa mfumo huo usitumie 4H kwenye lami kavu. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanasafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na transfa imeyakataza kupishana mwendo. Kwenye changarawe tairi litateleza kidogo na kumaliza ubishi. Kwenye lami haliwezi, kwa hiyo mkazo unajijaza kwenye propela na gia mpaka usukani unakuwa mzito na gari linaruka ruka. Ukiendelea hivyo unavunja vyuma.

Mtafuta Njia

Mzee, shikamoo, na ahsante. Hapo kwenye difu nimeelewa kuliko video zote nilizotazama. Hiyo 4L inanisaidia nini hasa? Si ni gia ya kwanza tu iliyo nzito zaidi?

Mzee wa Tope

Marahaba. Ndiyo, lakini chukua kalamu uone uzito wake. Tuseme gia ya kwanza ni 4.3, transfa kwenye 4L ni 2.5, difu ni 3.9. Zidisha zote: unapata karibu 42. Maana yake injini inazunguka mara 42 ndipo gurudumu lizunguke mara moja, na nguvu ya kuzungusha inayofika chini imekuzwa kwa kiasi hicho, ukiacha kinacholiwa na msuguano.

Injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 800 kwa dakika, gurudumu linazunguka kama mara 19. Kwa tairi la 265/65R17, ambalo mzingo wake ni mita 2.4 hivi, gari linakwenda chini ya kilomita 3 kwa saa. Mtu anayetembea polepole anakupita. Hujagusa pedali ya mafuta, hujagusa breki, gari linatambaa juu ya jiwe na wewe una nafasi ya kutazama tairi linakanyaga wapi. Kwenye 4H, gia hiyo hiyo ya kwanza, mwendo ni kama kilomita 7 kwa saa. Kwenye mteremko wa mawe wenye mzigo nyuma, tofauti ya 3 na 7 ni tofauti ya kushuka na kuporomoka.

Dizeli Kavu

Mzee amefafanua vizuri, ila injini nayo ina heshima yake. Mkuu Mtafuta, tafuta dizeli ya zamani isiyo na turbo wala kompyuta, ulale usingizi. 1HZ ya Land Cruiser 70: lita 4.2, silinda sita, pampu ya dizeli ya kimakanika. Fundi yeyote anaifungua na kuifunga. Hizi mpya za kompyuta tupu zikizima njiani unabaki unaziangalia.

Gia ya Pili

@Dizeli Kavu heshima kwa 1HZ, hakuna anayeikataa. Lakini tumwambie ndugu ukweli wote. Lita 4.2 zile zinatoa takriban 285 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). 2GD, dizeli ya Hilux, ni lita 2.4 tu, lakini kwa turbo inatoa 400 Nm kuanzia mizunguko 1,600. 1GD ya lita 2.8 inatoa 450, na baada ya maboresho ya 2020 ikafika 500 kwenye otomatiki. Ukiwa na kilo mia nane nyuma kwenye mlima mrefu wa lami, wa 1HZ yuko gia ya tatu na foleni nyuma yake, wa 1GD anaendelea na safari. Na kwa mzigo ule ule turbo ndogo inakunywa kidogo kuliko ile lita 4.2.

Na petroli tusiitupe. 2TR ya Toyota ya lita 2.7 inatoa 245 Nm, ila lazima uipandishe karibu mizunguko 4,000 ndipo uzipate zote. Kwa mlima wa lami na mzigo hiyo ni kasoro, inapiga kelele na kunywa. Kwenye 4L kasoro hiyo inapungua sana, maana gia zimeshafanya kazi ya kukuza nguvu. Mtu anayebeba mzigo mwepesi na safari zake ni fupi fupi, petroli ni chaguo la akili: haina turbo, haina chujio la masizi, haina pampu ya shinikizo kubwa.

Binti Spana

Habari za humu wakubwa zangu. Mimi nashika spana kila siku, na mengi ya hizi dizeli yanapita mikononi mwangu, kwa hiyo niongezee kidogo hapo alipoishia kaka Gia ya Pili.

Swali la dizeli ya zamani au mpya linajibiwa na tangi unalojazia. Dizeli za kisasa zinasukuma mafuta kwenye nozeli kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,600, na nyingine zinavuka 2,000. Matundu ya nozeli ni membamba mno, na mafuta yenyewe ndiyo yanayolainisha pampu. Tone la maji au vumbi likipita hapo linakwangua chuma kwa chuma. Pampu ikishaanza kusagika, chembe zake zinasafiri mpaka kwenye nozeli zote, na hapo hutengenezi kitu kimoja, unabadilisha mfumo mzima. Pampu ya zamani nayo haipendi maji, ila inakuvumilia muda mrefu kabla ya kukudai.

Kwa hiyo kabla hujachagua, fanya hivi kwa gari lolote la dizeli unalolitumia sasa au la jirani anayejaza mnapojaza. Chini ya chujio la dizeli kuna skrubu ya kutolea maji. Tega chupa ya kioo, legeza, acha kikombe kimoja kitoke, funga. Iache chupa itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini na utauona mstari. Ukikuta maji kila unapojaribu, ama uongeze chujio la pili lenye kutenganisha maji, ama umsikilize kaka Dizeli Kavu. Chupa ikiwa safi, huna sababu ya kuiogopa dizeli mpya.

La pili ni salfa. Kiwango cha Euro 4 kinataka dizeli yenye salfa isiyozidi 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni), Euro 5 kinataka 10. Injini iliyokuja na chujio la masizi kwenye ekzosi ikinyweshwa dizeli chafu, chujio linaziba. Na hata kwa mafuta safi, chujio hilo linajisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo halipatikani kwa safari za dakika kumi kumi. Mwenye safari fupi tu asinunue dizeli yenye chujio hilo, namsihi.

La tatu wengi hawaulizi: belti au mnyororo? 1HZ, 1KD na 2KD, zote dizeli za Toyota, zina belti ya taimingi (inayoendesha valvu zipishane na pistoni). 1GD, 2GD na 4JJ1 ya Isuzu zina mnyororo. Belti si ubaya, ila ina umri wake wa kubadilishwa kwa kilomita, na ikikatika pistoni zinagonga valvu. Muuzaji asipokuwa na kumbukumbu ya lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa, na uifanye kabla ya safari yoyote.

Dizeli Kavu

Dada hapo kwenye chupa umenifunga mdomo, ni kipimo cha haki. Nakubali, tangi likiwa safi mtu achukue turbo. Ila mahali mafuta yanapouzwa kwenye madumu, msimamo wangu haubadiliki.

Mtafuta Njia

Madumu kwangu hapana, najaza kituoni. Kesho nitafanya hilo jaribio la chupa. Vipi gia? Kila ninayemuuliza anasema 4x4 ya kweli ni gia za mkono.

Gia ya Pili

Hiyo ni kauli iliyobaki kutoka enzi za otomatiki za gia nne. Otomatiki yenye tokikonveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), gari likiwa limesimama, inakuza nguvu ya injini karibu mara mbili kabla hata haijafika kwenye gia. Kwenye mchanga na tope hilo ni jambo kubwa, kwa sababu nguvu inafika taratibu bila kukatika, na hakuna klachi ya kuungua. Asiye na uzoefu akipanda mlima wa mawe na gia za mkono, kosa lake la kwanza ni kuchezesha klachi. Harufu ile ukishaisikia, klachi imeshapungua umri.

Udhaifu wa otomatiki ni joto. Oili ya giaboksi ikichemka kwa muda mrefu inaharibika, na giaboksi nayo inafuata. Kwa mzigo mzito na mwendo wa polepole mchangani, hakikisha kuna rejeta ya oili ya giaboksi, na oili ibadilishwe hata kama kitabu kimeandika ni ya maisha.

Gia za mkono zinashinda kwenye kuteremka. Gia ya kwanza kwenye 4L, mguu uondoe kabisa kwenye klachi, injini inalishika gari. Otomatiki nayo inashuka ukiifunga kwenye gia ya kwanza, ila haishiki kwa ukali ule. Mimi ninayebeba mzigo milimani nimechagua za mkono. Ndugu yetu anayetoka kwenye gari dogo, kama alikuwa otomatiki, abaki otomatiki, ajifunze njia kwanza.

Mtafuta Njia

Gari langu la sasa ni gia za mkono.

Gia ya Pili

Basi huna la kuogopa, chukua za mkono.

Upepo wa Kusi

Naomba kuingilia. Mbona hamjazungumzia zile ambazo 4x4 yake inaruhusiwa kwenye lami? Mvua inaponyesha kwenye lami mimi naona ndiyo usalama wenyewe.

Mzee wa Tope

Swali zuri, ndugu. Zile zina difu ya tatu katikati, kati ya mbele na nyuma, kwa hiyo zinaruhusu kupishana mwendo kwenye kona. Triton ya Mitsubishi yenye Super Select II inakupa vyote: 2H, 4H ya lami, kisha 4H na 4L zenye difu ya kati iliyofungwa. Mfumo huo naupenda sana. Lakini soma kwa makini, kwa sababu si kila Triton inao. Nyingine zina ule wa kawaida. Amarok ya kwanza ya otomatiki ya gia nane ilikuwa 4x4 muda wote, nzuri sana kwenye lami yenye maji, ila haikuwa na 4L kabisa. 4L ilikuwa kwa za gia za mkono. Kwa mtu mwenye vilima vya mawe na mzigo, kukosa 4L kwangu kunatosha kuacha.

Ekseli ya mbele nisiizungumzie sana. Land Cruiser 79 ina ekseli nzima ya chuma mbele, imara, ila lami inakurusha. Hilux, D-Max, Ranger na wenzao magurudumu ya mbele yanajitegemea, yanatulia zaidi barabarani. Kwa kazi yako yanatosha.

Mtafuta Njia

Wakuu, chupa imetoka safi, hakuna hata mstari. Nimebakiza mbili. Ya kwanza: dizeli lita 3.0, otomatiki, 4x4 yenye 4L, haina difu loki, imefungwa matairi makubwa ya 285/70R17 badala ya 265/65R17, inapendeza mno. Ya pili: dizeli lita 2.5, gia za mkono, ina difu loki ya nyuma, matairi ya kiwandani, rangi imechoka. Moyo uko kwa ya kwanza.

Mzee wa Tope

Moyo uambie usubiri. Matairi hayo yana kipenyo cha milimita 831 badala ya 776, yaani asilimia 7 zaidi. Kila gia uliyonayo imekuwa nyepesi kwa asilimia 7. Ile 42 yetu inashuka mpaka 39, na mkono wa spidi unasoma pungufu ya mwendo halisi. Mwenye nayo amekula sehemu ya faida ya lita 3.0 yake kwa ajili ya sura. Kwa njia ulizotaja nachukua ya pili bila kurudi nyuma, mradi vyuma vya chini viko salama. Binti Spana, msaidie kijana hapo.

Binti Spana

Sawa baba. Kaka Mtafuta, nenda asubuhi injini ikiwa baridi, na mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, amekwisha kukuficha namna inavyowaka.

Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili, kiache kimekaa juu ya tundu bila kufungwa. Kikitetemeka kidogo ni kawaida. Kikirushwa, au moshi mzito ukipuliza kwa mapigo, ringi za pistoni zimechoka. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si kosa. Kuwa kama maziwa ni kosa, maji yameingia.

Kisha ingia chini. Legeza plagi ya kujazia oili ya difu na ya transfa, chovya kidole, isugue kati ya vidole viwili juani. Ung'avu wa unga laini kwenye sumaku ya plagi ni wa kawaida. Vipande unavyovihisi kwa ngozi si vya kawaida. Tikisa propela kwa mkono kwenye kila krosi (kiungo chake), uone kama kuna nafasi inayogonga. Tazama mipira ya shafti za mbele, ikiwa imepasuka grisi itakuwa imetapakaa ndani ya rimu.

Sasa 4x4 yenyewe, usikubali taa ya dashibodi kuwa ushahidi. Nenda kwenye changarawe, weka 4H, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole sana. Unatakiwa kuhisi gari likigoma na usukani kuwa mzito. Likizunguka laini kama liko 2H, mbele hapajaungana. Kama ina habu za kugeuza kwa mkono (vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na shafti), hakikisha zote mbili ziko LOCK kabla ya kujaribu. Halafu 4L: simama kabisa, nyutro, ingiza. Difu loki: ingiza kwenye changarawe, sogea taratibu mbele na nyuma mpaka taa iache kuwaka na kuzimika, kisha kata kona kidogo. Tairi moja la nyuma litasikika likiburuza changarawe. Hapo imefunga.

Mtafuta Njia

Dada Mungu akubariki. Swali la mwisho: muuzaji anasema difu ya nyuma iliwahi kubadilishwa. Kuna shida?

Binti Spana

Inaweza kuwa kubwa. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja. Modeli moja hutoka kiwandani na difu za hesabu tofauti kulingana na injini na giaboksi, na mtu akifunga iliyopatikana tu, kwenye 2H hutajua kitu. Ukiweka 4H, mbele na nyuma zinavutana mpaka kitu kivunjike.

Hesabu mwenyewe. Gari mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, giaboksi nyutro, transfa 2H, loki imezimwa, handibreki imeachiwa. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na uliwekee stendi. Piga chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili, mwenzako ahesabu propela. Kwa kuwa tairi la upande wa pili limesimama, mizunguko miwili ya hili ni mzunguko mmoja wa difu, kwa hiyo propela ikizunguka karibu mara 3.9, difu yako ni 3.9. Rudia mbele, vizuizi vihamie nyuma, habu zikiwa zimefungwa. Tairi likigoma kuzunguka kabisa, huenda difu ni ile inayopunguza kuteleza. Hapo tafuta kibao cha namba za gari na namba iliyogongwa kwenye difu. Hesabu mbili zikitofautiana, hata kwa chini ya robo ya mzunguko, usinunue mpaka muuzaji aifunge difu inayolingana.